Mashine Iliyokufa Zamu ya Maragatham

Kampuni ya Bwana Rathnasabapathy ilikuwa na wafanyakazi tisa, feni nne na maono makubwa. Ilikaa ghorofani, juu ya duka la mashine za kusaga unga wa idli, vile vitumbua vya mchele vya kupikwa kwa mvuke, mtaa wa Peelamedu mjini Coimbatore, kusini mwa India. Kila mteja wa chini alipotaka kusikia mashine inavyonguruma kabla ya kuinunua, ofisi nzima ya juu ilitetemeka, maono yakiwemo.

Humo Thenmozhi alikuwa amefanya kazi miaka kumi na saba. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, na kazi yake hakuna aliyeionea wivu. Vijana wa ofisi waliandika programu mpya na kupigwa picha nazo. Yeye alishughulika na zilizokufa. Programu ikianguka kwa mteja alitafutwa yeye, kama anavyotafutwa mwosha maiti: kwa heshima, kwa haraka, na bila mtu kutaka kukaa naye karibu. Akishapata sababu ya kifo aliandika ukurasa mmoja wa maneno yanayoeleweka, akasema kosa ni la nani. Kurasa hizo ndizo zilizomzuia kupandishwa cheo.

Mwezi wa kumi mwaka ule sikukuu ya kuabudu zana ilipita salama. Kama ilivyo ada, kila chombo cha kazi mjini kilipumzishwa. Malori yalivishwa maua, mashine za viwandani zikapakwa unga wa msandali na alama nyekundu, na kompyuta za ofisini, ambazo mwaka mzima hakuna anayezipangusa vumbi, zikafukizwa udi na kutundikiwa asumini. Thenmozhi hakuwa na neno na hilo. Mtu kushukuru kinachomlisha ni jambo jema. Lakini bosi wake aliweka ndimu nne mbele ya kompyuta kuu, na hakuweka hata jaribio moja kwenye programu iliyokuwa ndani yake.

Kiwanda cha kusokota nyuzi cha Ponnurangam, ambacho husimama siku hiyo, kilitumia mapumziko hayo kufunga kamera mpya. Kazi ya kamera ni kutazama uzi unavyokimbia na kuhesabu unakatika mara ngapi, na kwenye mashine ya nani. Programu ya kupokea picha hizo ilikuwa ile ile ya kampuni ya Rathnasabapathy, iliyokuwa ikiandika ripoti za zamu kiwandani kwa miaka sita. Wenye kamera nao walileta maktaba yao, yaani fungu la msimbo lililokwisha andikwa na kufungwa, la kuwekwa ndani ya programu ile. Liliwekwa mchana mmoja, kati ya ibada na kugawa peremende, na likatangazwa kuwa linafanya kazi kwa sababu skrini iliwaka.

Jumatatu iliyofuata Rathnasabapathy alifika kwenye meza ya Thenmozhi akitabasamu. Thenmozhi aliacha kula.

"Thenmozhi amma, mama yangu, ile habari ya kiwandani imejimaliza yenyewe," alisema. "Programu inakufa, ndiyo. Lakini inakufa zamu ya mfanyakazi mmoja tu. Mwanamke, anaitwa Maragatham. Siku tatu mfululizo, saa moja na nusu asubuhi, na yeye kasimama pale pale penye skrini. Anachomoa waya wa skrini ili asihesabiwe uzi unaokatika."

"Nani kamwona akichomoa, sar?"

"Sasa nani atamwona, amma? Si ndiyo ujanja wenyewe?"

Thenmozhi aliitafakari hoja hiyo. Ushahidi wa kosa ulikuwa kwamba halikuonekana.

"Ijumaa saa nne wanamfukuza," bosi aliendelea. "Meneja anataka karatasi fupi kutoka kwetu. Andika programu haina kasoro. Mstari mmoja. Ukijisikia vibaya, andika miwili."

"Nitaandika nikishaiona."

"Uione nini? Nimeshakuambia!"

"Ndiyo, sar. Wewe umeniambia. Bado sijaiona."

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kiwandani. Msimamizi wa zamu, Chokkalingam, alimpokea mlangoni, pamba imemjaa kwenye nyusi. Alikuwa mtu mwenye sababu mbili za kila jambo, ya kuandika na ya kunong'ona.

"Ya waya umeshaisikia," alinong'ona. "Lakini mimi nakwambia, akka, dada yangu, hata asingechomoa. Siku ya sikukuu ni yeye aliyeipaka mashine ile alama nyekundu. Mwanamke aliyeachwa na mume, nuksi tupu! Nilimwambia msichana mwingine apake, huyu akamwahi. Unategemea nini?"

"Kwa hiyo kachomoa waya, au mashine imekataa mkono wake?"

"Vyote."

"Chagua kimoja, anna, kaka yangu. Mashine ikiwa imekwisha kufa kwa kuona aibu, waya anauchomoa wa nini?"

Chokkalingam alicheka kwa mdomo tu, akaenda kumpigia kelele mtu mwingine.

Maragatham alikuwa mwembamba, wa miaka thelathini na kitu, mwenye kutembea kati ya mashine zake kama mama mwenye watoto wengi sokoni: jicho hapa, mkono kule. Uzi ulikatika, akaufunga bila kusimama. Thenmozhi alimhesabia kwa robo saa. Mtu mwenye mikono ile hakuwa na sababu ya kuogopa kamera. Kamera ingemfanyia kampeni.

"Wewe ndiye wa kompyuta?" Maragatham aliuliza. Ilibidi apaze sauti kushinda mashine. "Umekuja kunipima mapigo kabla ya kuzikwa?"

"Nimekuja kutazama. Endelea na kazi yako."

"Nitaendelea mpaka Ijumaa. Baada ya hapo utatazama ukuta. Akka, nina binti wa darasa la kumi, na kiwanda kikinitoa kwa kuchomoa waya hakuna kingine mji huu kitakachonipokea. Hebu niambie, mimi nichomoe waya kila siku saa ile ile? Hata mwizi wa kuku hubadilisha saa!"

Saa moja na nusu ilipofika, Thenmozhi alikuwa amesimama nyuma ya skrini, ameushika waya kwa mikono yake miwili. Maragatham alikuwa hatua kumi mbali, akifunga uzi. Skrini ilizimika. Kabla ya kuzimika ilionyesha ujumbe mmoja, kwa herufi nzuri za buluu: "Hitilafu isiyotarajiwa. Asante kwa kuchagua kamera zetu."

"Mmeona?" alipaza sauti Chokkalingam kutoka upande wa pili. "Tena!"

"Nimeona, anna," alisema Thenmozhi. "Waya ninao mimi. Utanifukuza na mimi?"

"Labda leo katumia njia nyingine," alisema Chokkalingam.

Saa moja na nusu ndiyo saa programu inapoandika ripoti ya zamu: jina la mfanyakazi, mashine, idadi. Huandika mara moja kwa siku. Thenmozhi aliomba orodha ya majina, akaisoma yote mia na arobaini. K. Sivagami. P. Valliammal. R. Thangaponnu. Kila mtu na herufi yake mbele, ya jina la baba au la mume, kama watu wote. Mmoja tu alikuwa na nafasi tupu. Akaenda kumuuliza.

"Herufi?" Maragatham alicheka. "Baba alinikataza kutumia yake siku niliyotoroka na yule bwana. Yule bwana naye kaenda Tiruppur na mke wa mtu, na herufi yake kaondoka nayo. Karani akaniuliza niandike ipi, nikamwambia acha wazi. Jina langu linatosha. Kwani vibaya?"

"Si vibaya hata kidogo," alisema Thenmozhi, akahisi masikio yake yanapata moto. Mstari wa msimbo unaochukua ile herufi aliuandika yeye mwenyewe miaka sita iliyopita. Hakuwa ameuliza mtu asiye na herufi atakuwaje. Alikuwa na haraka, na alijua kuna wa kumdaka.

Huyo wa kumdaka ndiye kiini cha mambo. Programu ikigusa mahali pasipo na kitu ndani ya kompyuta, mfumo mkuu hupiga ukelele. Wenyewe huuita ishara. Kuna kiti kimoja tu cha mpokea ishara, na anayekikalia ndiye anayeamua la kufanya. Lugha iliyotumika kuandika programu ile ina mwendeshaji wake, mlezi anayekaa na programu tangu inapoamka hadi inapolala, naye hukiwahi kiti hicho mapema. Anajua kelele nyingi si msiba. Programu imegusa patupu? Mlezi anaishika mkono, anaiambia hapo hapana kitu, pita huku, na kazi inaendelea. Kwa miaka sita nafasi tupu ya Maragatham ilikuwa imeifanya programu iguse patupu kila asubuhi, mlezi akaitikia, na ripoti ikatoka na jina lake bila herufi, bila mtu kujua.

Kisha ikaja maktaba ya kamera. Nayo ilikuwa na haja ya halali na ishara ile ile. Waya wa kamera ukitikisika, picha hutoweka ghafla, maktaba hugusa pale zilipokuwa, hupigiwa ukelele, nayo huiunganisha kamera upya. Si vibaya. Lakini tazama ilivyoingia! Ilifika ya mwisho, ikamkuta mlezi kitini, ikamsukuma, ikakaa. Haikumuuliza jina wala haikuandika popote atapatikana wapi. Ukelele wa kamera iliushughulikia. Ukelele wowote mwingine, ambao ilikuwa haiujui wala hauihusu, iliumaliza kwa kuizima programu nzima na kushukuru wateja.

Tunawafahamu watu wa namna hii. Hupewa ofisi, hawaulizi aliyekuwepo alikuwa akifanya nini, na kila jambo wasilolielewa hulifunga. Tofauti ni kwamba maktaba ile haikufanyiwa sherehe ya kuapishwa.

Jumatano Thenmozhi alimweleza bosi wake yote haya, pamoja na mstari wake mwenyewe wa miaka sita iliyopita. Rathnasabapathy alisikiliza kwa makini, akachukua lile jambo moja alilolihitaji.

"Kwa hiyo inakufa kwa sababu ya nafasi tupu! Basi jaza. Weka A. Weka M, awe M. Maragatham, inapendeza hata masikioni. Programu itaacha kufa, na sisi tutakuwa tumesema kweli: kasoro haipo."

"Na yeye atakuwa amefukuzwa kwa waya ambao hakuugusa. Tena kasoro ikikoma siku anayofukuzwa, watasema mnaona, alikuwa yeye."

"Hilo ni la kiwanda, amma, si letu."

"Sar, ukelele ni wetu. Hiyo nafasi tupu ni moja tu. Mlezi anaitegemea ishara hiyo kwa mambo mia mengine. Kesho itakufa kwa jambo jingine, zamu ya mtu mwingine, na mtatafuta mwanamke mwingine."

"Unajua kiwanda hiki ni mteja wetu mkubwa?"

"Ndiyo maana nataka programu yao ifanye kazi."

Rathnasabapathy alimtazama kama mtu aliyeletewa kahawa yenye chumvi, akaondoka kwenda kutazama maono.

Thenmozhi alianza na dawa ya hasira. Baada ya maktaba kukaa, alimrudisha mlezi kitini kwa nguvu. Alijaribu kwenye kompyuta ya ofisi: nafasi tupu ikapita salama. Akatabasamu, kisha, kwa kuwa ni mwosha maiti, akautikisa waya wa kamera. Programu ikafa palepale. Mlezi alikuwa amepokea ukelele uliotoka chumba cha maktaba, na kwa sheria zake, kosa la chumba asichokijua ni kifo. Yeye naye akipewa kiti peke yake hakuwa bora kuliko aliyemtoa. Thenmozhi alikaa na jambo hilo muda mrefu kuliko alivyokaa na chakula chake.

Alhamisi aliipata. Walioitengeneza lugha ile walikwisha liona tatizo hili zamani, wakatengeneza kipande kidogo cha kupatanisha, wakakieleza kwenye ukurasa ambao hausomwi na mtu. Kilikuwa ndani ya kila kompyuta ya ofisi miaka yote hiyo, hakijaguswa. Kipande hicho huamshwa kabla ya wote na kusimama mlangoni. Anayekuja baadaye kukitaka kiti hamng'oi aliyepo, bali huandikwa jina. Ukelele ukitokea, mlezi huulizwa kwanza: ni wako? Akisema si wangu, unapelekwa kwa maktaba. Mstari mmoja tu katika amri za kuiwasha programu. Nafasi tupu ikapita. Waya ukatikiswa mara ishirini, kamera ikajiunga mara ishirini. Kisha Thenmozhi akaufungua ule mstari wake wa zamani, akauandika upya, safari hii ukiuliza kabla ya kugusa.

Ijumaa saa nne walikuwa ofisini kwa meneja wa kiwanda, Nachimuthu, mzee mfupi aliyepanga kalamu zake kwa urefu. Chokkalingam alikaa. Rathnasabapathy alikaa. Maragatham alisimama, kwa kuwa viti viliisha kabla yake, mikono imekunjwa. Kwenye meza palikuwa na barua ya kumwachisha kazi, imekwisha chapwa, inasubiri saini.

"Karatasi yenu?" aliuliza Nachimuthu.

Rathnasabapathy alikohoa. "Kwa kweli, sar, mambo ya kompyuta yana sababu nyingi..."

"Yana moja," alisema Thenmozhi. "Kosa ni la programu yetu. Nusu ni mstari nilioandika mimi, nusu ni maktaba ya kamera tuliyoiweka bila kuijaribu. Huyu hakugusa kitu. Sikuombi uniamini, sar. Nipe skrini."

Aliuondoa kwanza mstari wa kupatanisha, akaurudisha na ule wake wa zamani, akaiwasha programu kama ilivyokuwa wiki ile. Mahali pa jina la mfanyakazi akaandika jina lake mwenyewe, na mbele yake hakuweka herufi. Akabonyeza "andika ripoti", akainua mikono yote miwili juu. Skrini ilizimika na kuwashukuru kwa kuchagua kamera.

"Kwa sababu naye ni mwanamke," alisema Chokkalingam.

Nachimuthu alimgeukia polepole. "Weka jina la huyu," alimwambia Thenmozhi. "Bila herufi."

"Mimi ni V. Chokkalingam, sar! Nina herufi! Baba yangu alikuwa fundi mkuu hapa hapa!"

"Ndani ya dakika hii huna."

Thenmozhi aliandika. Skrini ilizimika.

"Chokkalingam," alisema meneja, "waya umeuchomoa kwa mguu?"

Maragatham alicheka kwa sauti, kisha akaufunika mdomo kwa kiganja. Rathnasabapathy aliichunguza dari. Thenmozhi akarudisha mstari wa kupatanisha pamoja na ule wake mpya, akaandika jina la Maragatham kama lilivyo, na ripoti ikatoka. Akautikisa waya wa kamera, nayo ikajiunga. Aliandika ukurasa wake mmoja palepale, akatia saini, na jina la kampuni likiwa juu.

"Haya," alisema Nachimuthu, akaichana barua. Alichukua karatasi mpya, akaandika mistari mitatu, akamsukumia Maragatham. "Rudi kwenye zamu. Hiyo watabandika ubaoni, wenzako waone."

Maragatham hakuondoka. Alisoma polepole, midomo ikitembea.

"Sar, hapa umeandika nimesamehewa."

"Ndiyo. Yamekwisha."

"Kosa gani?"

"Mama wee, umerudishiwa kazi, bado unataka nini?" alidakia Chokkalingam.

"Nazungumza na meneja, anna, wewe bado hujarudishiwa herufi yako." Akamgeukia Nachimuthu, na sauti yake haikupanda. "Ukibandika nimesamehewa, watu watasoma kwamba nilichomoa, na mzee akawa mwema. Binti yangu atasoma. Mwanzo mlisema mdanganyifu, leo mnasema mdanganyifu mwenye bahati. Sitaki. Ama unaandika sikufanya, ama utie saini ile ya kwanza."

Ile ya kwanza ilikuwa vipande vinne ndani ya kapu. Nachimuthu alivitazama kana kwamba angeweza kuviunganisha. Miaka thelathini alikuwa ameandika "amesamehewa" kwa kila aliyeonewa, na wote waliondoka wakishukuru.

"Hilo ni neno la kawaida," alisema.

"La kawaida kwa nani?" aliuliza Thenmozhi. Hakuna aliyemuuliza. "Mimi ukurasa wangu umesema kosa ni langu, na jina langu lipo. Ukibandika msamaha wake kando ya ukurasa wangu, mtu akisoma yote mawili ataona mmoja wetu anadanganya. Mimi sidanganyi, sar."

"Thenmozhi amma," Rathnasabapathy alimwita kwa sauti ya kuomba. Siku ya Jumatatu angempa kazi ya kupanga faili za zamani chumba cha nyuma, na wote wawili walilijua hilo.

Nje kengele ya chai ilipigwa. Hakuna aliyeinuka. Nachimuthu alichagua kalamu, si ile ndefu kuliko zote, akalifuta neno moja kwa mistari miwili, akaandika juu yake maneno mengine. Akataka kuirudisha ile ile karatasi.

"Imechafuka, sar," alisema Maragatham. "Chini ya hiyo mistari bado wanasoma."

Meneja wa kiwanda chenye wafanyakazi mia na arobaini akavuta karatasi ya tatu, akaandika upya tangu mwanzo, mkono wake mwenyewe, kwamba Maragatham hakuugusa waya, hakufanya kosa lolote, na kiwanda kilimtuhumu bila ushahidi. Lile neno "bila ushahidi" lilimchukua muda, na alipolimaliza alikuwa anatokwa jasho kama aliyepakia marobota.

Maragatham aliisoma mara mbili. Kisha akaipitisha mbali na mkono wa Chokkalingam, aliyekuwa ameunyoosha kuichukua, akaenda ubaoni kuibandika mwenyewe.